Alama Nyuma ya Boila

Februari, Worcester, mji unaoandikwa kwa herufi tisa
na kutamkwa Wusta, kama neno la chuoni: ya katikati.
Boila ilikufa usiku wa Ijumaa.
Jumamosi alfajiri nipo mlangoni na mkoba wa spana,
na mkono, bila kuniuliza, umeanza kufungua kamba za viatu.

"Acha," akasema Bibi Araksi Terzian, mshika funguo.
"Mungu ameshaziona soksi. Sakafu ni barafu."

Njia ya kwenda chini hupitia kanisani.
Nikainua kichwa, kama fundi yeyote,
kutafuta bomba linapopita.
Bomba sikuliona. Niliona kuba:
pipa la mawe juu ya mraba,
na ule ugomvi wa zamani wa duara na pembe nne
umesuluhishwa na pembetatu zilizojipinda
kama viganja vinavyokinga maji.
"Hili la huku ni matofali," akasema,
"yamepakwa jiwe kama siagi kwenye mkate.
Ya kale kule ni jiwe mpaka ndani."

Ukutani, picha. Kanisa uwandani, halina kuba,
nyasi zimeota begani.
Miaka elfu na ushee. Tetemeko lililipasua mara mbili,
mara mbili likashonwa.
Kwetu tunaonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wao waliziba ufa. Na ukuta wakaujenga.
Kisha wakaja waliowaondoa wenye mwiko,
ukuta ukabaki umesimama,
haujui umdai nani.

Alifika kule akiwa na miaka sitini na moja,
kwa basi la kukodi, na yai la kuchemsha mfukoni.
"Nilijiandaa kulia. Nilibeba leso mbili.
Badala yake nilihesabu."
Alihesabu alama: pembeni mwa jiwe,
mkwaruzo wa mwashi. Ndege. Ufunguo.
Herufi iliyolala chali.
"Unadhani ni sala? Ni hesabu.
Siku ya malipo anaonyesha mawe yake, analipwa."
Akatia kidole ndani ya ndege. Kikaenea.
"Basi mtu yule," akasema, "alikuwa na kidole kama changu,
na deni dukani."

Babu yake Hampartsum alivuta waya kiwandani,
mji huu huu, akachangia matofali haya.
Hakuchora kitu.
Matofali yalikuja na jina la kiwanda tayari.

Nikashuka. Pampu imekwama, fyuzi imeungua,
vali imefungwa kinyume na mtu mvivu
au mwenye baridi mikononi; sikumhukumu.
Saa mbili na nusu.
Maji yakaanza kugugumia kwenye mabomba,
yakakohoa, yakapata maneno,
na huko juu radieta zikagonga, moja, nyingine, ile ya madhabahuni.
Bibi akapiga kelele kutoka ngazini kwa lugha yake.
Sikuielewa, nikaitikia.

Kabla ya kupanda nilichukua bisibisi.
Nyuma ya boila tofali ziko uchi,
padri hafiki, wala fagio.
Nikakwaruza shini: meno matatu, nukta tatu,
mwanzo wa jina langu, Shekue,
kama bibi yangu alivyoiandika kwa mkaa
kwenye kifuniko cha debe la unga
ili jirani asilikosee.

Nilipompa ankara hakuisoma.
"Umeandika wapi?"
Vumbi jekundu lilikuwa kwenye kidole gumba.
Nikamwonyesha kwa kidevu, chini.

Akachukua kurunzi. Ngazi kumi na nne,
magoti yakimlalamikia kila moja.
Nilisubiri juu, koti begani, chini ya kuba,
na joto likianza kupanda taratibu ndani ya viatu vyangu.
Alikaa huko muda mrefu
kuliko inavyohitaji herufi moja.